Idara ya Kuzuia Upotevu wa Rangi

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa idhini ya Rais wa Kampuni, Kampuni ya Saa ya Haverkamp iliwatangazia wafanyakazi wote wa kiwanda chake cha Prairie Bend, Illinois, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka 1927, kiwanda kingekuwa na Idara ya Kuzuia Upotevu wa Rangi. Tangazo lilibandikwa langoni, katika chumba cha kulia na nyuma ya mlango wa choo cha wasichana. Hapo pa mwisho ndipo Bwana Orville Stang, Mkuu wa Idara, alipoamini lingesomwa kwa utulivu zaidi.

Idara ilikuwa na mtu mmoja, naye ni huyo Mkuu. Ilikuwa pia na meza, mhuri wa mpira, na penseli ya zambarau, ile isiyoandika sawasawa mpaka uilowanishe ncha kwa ulimi. Bwana Stang alikuwa ameilamba penseli ya namna hiyo kwa miaka kumi na tisa ya utumishi, na midomo yake ilikuwa na rangi ya bilinganya. Wasichana wa ghorofa ya pili walimwita Bwana Bilinganya, ingawa si mbele yake.

Tatizo la taifa, maana ndivyo alivyoliita, lilikuwa hili. Kampuni ilitengeneza nyuso za saa zenye nambari zinazong'aa gizani. Rangi ya nambari hizo ilikuwa na radiamu ndani yake, kitu adimu na ghali kuliko chochote kilichowahi kuingia Prairie Bend, ukiacha meno ya Rais Haverkamp. Asubuhi kila msichana alipewa kichupa kilichopimwa kwa mizani. Jioni nyuso za saa zilipimwa nazo. Kila siku rangi ilipungua sehemu moja ya sita, na hakuna aliyejua ilikokwenda.

Wakati fulani ilikuwa ikijulikana. Zamani wasichana walipewa tambaa na glasi ya maji za kusafishia burashi, na rangi ilipotelea kwenye tambaa. Bwana Stang ndiye aliyeligundua hilo, akaandika Waraka wa Matambaa, na matambaa yote yakaondolewa siku moja. Badala yake wasichana walifundishwa kuchonga ncha ya burashi kwa midomo: midomoni, kwenye rangi, kwenye saa, kisha midomoni tena. Waraka ule ulimpatia saa ya mezani yenye jina lake. Lakini moja ya sita iliendelea kupotea vile vile, na jambo hilo lilimuuma kuliko hata lile gego lake la kushoto, lililokuwa likimuuma tangu Krismasi kwa sababu, kwa maoni yake, ya kashata ya karanga aliyoletewa na shemeji yake.

Wapo waliosema kwamba rangi ile ina madhara. Bwana Stang alikuwa na jibu la vitendo. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka mitatu, alisimama mbele ya wasichana wote, akachota rangi kijiko kidogo cha chai, akakilamba mpaka kikang'aa. Kisha alisema, "Mnaona? Bado nipo." Wasichana walipiga makofi, maana makofi yaliwachelewesha kuanza kazi.

Uchunguzi ulianza kwa kishindo. Alikagua viatu, mapindo ya sketi, vikapu vya chakula na hata rozari, kwa kuwa wasichana wengi walikuwa wa parokia ya Wapolandi ng'ambo ya mto na wote walikuja na rozari. Siku ya tatu akapata wazo la kitaalamu: awaingize wasichana kumi na wawili kwenye stoo isiyo na dirisha na kufunga mlango, ili mali ya wizi ijionyeshe yenyewe. Ilijionyesha. Nywele ziling'aa, na shingo, na mikono, na msichana mmoja alipopiga chafya ikang'aa leso. Bwana Stang aliandika kwa kupapasa: Wote wanang'aa. Hakuna anayeona haya.

Aliyempa ufumbuzi ni Helka Wrona, binti wa miaka kumi na minane mwenye ulimi mwepesi, mchoraji wa meza ya nne.

"Bwana Stang, rangi unaitafuta viatuni ya nini?" alisema gizani humo, na wenzake tayari walishaanza kucheka. "Tunaimeza."

"Mnaimeza?"

"Kila nambari, midomoni mara moja. Saa moja ina nambari kumi na mbili, na mimi kwa siku napaka saa mia mbili na hamsini. Hesabu mwenyewe. Ulitunyang'anya matambaa, ulidhani tunafutia wapi?"

Bwana Stang aliisikia vizuri sehemu ya kwanza. Sehemu ya matambaa aliiona kuwa ni utetezi, akaiandika kwenye nafasi ya Utetezi wa Mtuhumiwa, ambayo kwenye fomu yake ilikuwa na upana wa kidole. Helka akamuuliza kama atashtakiwa kwa kila funda au kwa jumla, na stoo nzima ikaangua kicheko. Bwana Stang hakuudhika. Mtu aliyekiri ana haki ya kucheka kidogo.

Siku hiyo hiyo alipanda kwa Rais Cornelius Haverkamp. Rais alikuwa mtu asiyeachilia chake. Kijiti cha kibiriti alikipasua katikati kikawa viwili, na mbwa wa mkewe alimkata mkia ili asile sana.

"Kwa hiyo wanatoka nayo langoni kila jioni, mbele ya macho yetu," alisema Rais.

"Wanatoka nayo tumboni, bwana mkubwa."

"Ni mali yangu, Stang. Kila punje. Nataka irudi."

Hiyo ikawa sera ya kampuni. Ingefaa hapo mwanasheria wa kampuni, Bwana Penrose, aarifiwe. Lakini Bwana Penrose alikaa Chicago, na fomu ya Bwana Stang haikuwa na nafasi ya wanasheria, hivyo hakuarifiwa.

Ilibaki kupima. Ghorofa ya tatu alikaa mkemia wa kampuni, aliyefanya kazi nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, amevaa aproni ya madini hayo hayo, akishika vitu kwa koleo ndefu. Bwana Stang alimhesabu miongoni mwa watu wenye maringo. Mkemia alikuwa na kisanduku cha bati chenye dirisha la kioo, na ndani yake vijani viwili vyembamba vya dhahabu vilivyosimama vikiwa vimeachana. Mtu mwenye radiamu mwilini akipulizia pumzi kwenye mrija wake wa mpira, vijani viliangukiana, na kadiri vilivyoanguka upesi ndivyo alama zilivyopanda. Mbili na chini yake ilikuwa mtu safi.

"Unataka kumpima nani?" mkemia aliuliza.

"Wasichana wa ghorofa ya pili. Wanaiba."

Mkemia akamsukumia kisanduku kwa koleo, akamwambia akae nacho tu.

Wasichana walipuliza kwa zamu kama wanaozima mishumaa ya keki. Tano, saba, nne. Helka alipata sita, akainama kama mshindi wa mashindano. Bwana Stang aliandika, akagonga mhuri, akalamba penseli, akaandika. Kisha akakumbuka watuhumiwa wa zamani, yaani walioacha kazi wakiwa na mali ndani yao, akamwandikia wito wa kwanza Bronia Wrona, dada yake Helka.

Bronia alikuwa ndiye mchoraji bora kuliko wote, mpaka mwaka uliopita, meno yalipoanza kumtoka moja moja na taya likaoza kwa ndani. Sasa alitembea kwa fimbo, na kitambaa amekifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, akiwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa ameshtaki kampuni, na kesi yake ilikuwa mbele ya tume ya malalamiko ya wafanyakazi, siku kumi na mbili mbele. Alihitaji karatasi moja tu, ya mtu yeyote mwenye cheo, inayosema kwamba radiamu imo mwilini mwake. Nauli ya kumwendea daktari wa Chicago hakuwa nayo; mji ulikuwa na madaktari watatu na wote walikula Krismasi kwa Haverkamp. Wa kwanza alisema hapigi mswaki. Wa pili alisema ana damu mbaya. Wa tatu alimuuliza, mama yake akiwa amekaa pale pale, kama ana rafiki wa kiume baharia, akimaanisha kaswende. Bila karatasi, kesi ingetupwa asubuhi moja. Na kilichomkosesha usingizi zaidi ni Helka, ambaye aliwaamini madaktari kuliko dada yake, na kila alfajiri alikwenda kuitia burashi ile ile mdomoni.

Alipanda ngazi polepole, akakaa bila kukaribishwa.

"Umeitwa kama mtuhumiwa wa zamani, Bi Wrona," alisema Bwana Stang.

"Nimesoma wito. Nipulize wapi?"

Akapuliza. Vijani viliangukiana kama vilivyokatwa kamba. Bwana Stang akasoma mara mbili.

"Kumi na nne," alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima fulani, kama ya askari aliyefungua koti la mtu mmoja akakuta duka zima. "Unakiri kwamba hii ni mali ya kampuni?"

Bronia alikitazama kisanduku. Akaitazama fomu iliyokuwa mezani, yenye nembo ya kampuni juu na nafasi ya mhuri chini. Aliposema, alisema kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Nakiri. Lakini iandike vizuri, Bwana Stang. Andika imo wapi."

"Mwilini."

"Andika mifupani. Na andika imeingiaje."

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo, kazini, kwa burashi ya kampuni, kama nilivyofundishwa na kampuni. Fomu isije ikarudishwa kwa kukosa maelezo."

Bwana Stang alikuwa hajawahi kukutana na mhalifu wa namna hii. Alimwambia kwamba watuhumiwa wote wangekuwa kama yeye idara ingepiga hatua. Bronia akaomba nakala yake. Akaomba tarehe. Akaomba mhuri.

"Gonga tena," alisema. "Huo umefifia."

Akagonga tena. Chini kabisa akaandika amri: mali irejeshwe ndani ya siku thelathini, katika hali yake ya awali. Kisha akalamba penseli, akatia sahihi. Bronia aliufuata ule ulimi kwa macho, akaona pia jinsi alivyolishika shavu la kushoto baada ya hapo, lakini siku hiyo hakusema kitu.

Kutoka dirishani Bwana Stang alimwona akisimama nje ya lango, karatasi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka. Alirudi mezani akaandika: Mtuhumiwa ameonyesha majuto.

Asubuhi ya kesi, ukumbi wa mahakama ya wilaya ulijaa mpaka madirishani. Parokia nzima ya ng'ambo ya mto ilikuja, na wengine walikuja na maandazi yao ya viazi, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Msikilizaji wa kesi alikuwa Bwana Nils Ahlgren, mzee mnene wa polepole ambaye kabla ya kuteuliwa alikuwa ameendesha ghala kuu la mahindi kando ya reli kwa miaka thelathini. Bwana Stang alikuwa ameitwa yeye na kisanduku chake, kwa maombi ya Bi Bronia Wrona. Alidhani tume inataka kuipongeza idara, akavaa tai mpya.

Bwana Penrose alisimama kwanza. Alikuwa na sauti nzuri na alijua hivyo. Alisema kampuni inamsikitikia sana binti huyu, lakini katika mwili wake hamna radiamu, haijawahi kuwamo, na haina njia ya kuingia. Rais Haverkamp, kwenye kiti cha mbele, aliitikia kwa kichwa.

Ndipo Bronia alipoinuka na fimbo yake, akaiweka ile karatasi mbele ya Bwana Ahlgren. Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na mihuri yote miwili: mifupani, kwa mdomo, kazini, kwa burashi ya kampuni. Ukumbi ulinyamaza mpaka ukasikia mtu akitafuna. Bwana Stang, kwa upande wake, aliona ilikuwa fomu iliyojazwa vizuri.

Bwana Penrose alikuwa amebadilika rangi mara mbili, lakini hakulipwa kwa kunyamaza. Alisema karatasi hiyo ni upuuzi wa karani asiye na mamlaka, aliyejitengenezea cheo, akawapima watu kwa kidubwasha kibovu kinachompa alama kila anayepumua.

Yote mengine Bwana Stang angeyavumilia. Kidubwasha hapana.

"Mheshimiwa," alisema akisimama, na Bwana Penrose akamvuta koti, naye asikubali kuvutika, "mashine hii haimwonei mtu. Miaka kumi na tisa sijachukua hata pini ya kampuni. Nitapuliza mimi, halafu mwanasheria aone mtu safi anaonekanaje."

Akapuliza. Vijani vya dhahabu vilitetemeka kidogo, kisha vikaangukiana. Kanuni ya nne ya idara, aliyoitunga mwenyewe, ilitaka matokeo yasomwe papo hapo kwa sauti ya kusikika.

"Tisa," alisoma Bwana Stang kwa sauti ya kusikika.

Kisha akayasikia aliyoyasoma. Mkono ukapanda wenyewe mpaka shavuni, kwenye lile gego, na macho yakaenda kwa kitambaa kilichofungwa kidevuni kwa Bronia. Kashata ya shemeji yake ikamtoka akilini, na mahali pake pakaingia Jumatatu zote za miaka mitatu, moja baada ya nyingine, kila moja na kijiko chake. Aliogopa, na hakuwa na fomu ya jambo hilo.

Hakuna aliyecheka. Katika benchi la tatu Helka, aliyekuwa amekaa akitabasamu tangu asubuhi kama aliyekuja kutazama mchezo, hakutabasamu tena. Alikuwa anakumbuka ile sita yake na jinsi alivyoinama kama mshindi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa burashi yake, akaenda mbele akaiweka mezani kwa Bwana Ahlgren, kando ya karatasi ya dada yake. Bronia alifumba macho, na wale waliokuwa karibu waliona alivyoshusha pumzi. Kama kesi ingeishia hapo, yeye alikuwa ameshashinda.

Haikuishia hapo. Bwana Ahlgren aliivua miwani, akamgeukia Rais.

"Bwana Haverkamp, karatasi yako inadai hii rangi irudishwe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ni yako au si yako?"

"Usijibu," alinong'ona Bwana Penrose.

Lakini mtu anayepasua vijiti vya kibiriti humwambii amwachie mtu radiamu.

"Yangu," alisema Rais. "Kila punje."

"Vizuri," alisema Bwana Ahlgren. "Mimi nimetunza mahindi ya watu miaka thelathini. Kila mkulima humu ndani anaijua desturi. Mahindi ni yako, yamo ghalani mwangu, hujayachukua: unalipia ghala. Mahindi yako yakivunja sakafu yangu, unatengeneza sakafu. Huyu binti anakutunzia mali yako, nayo imemvunja sakafu. Daktari, dawa, nyumba, chakula, yeye na kila ghala lako jingine lililoko mjini hapa. Utagharamia mpaka mali iishe."

Wakulima waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa desturi.

"Itaisha lini?" aliuliza Rais, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Jibu lilitoka nyuma ya ukumbi, kwa mkemia wa ghorofa ya tatu, ambaye siku hiyo hakuvaa aproni. "Inapungua nusu yake kila baada ya miaka elfu moja na mia sita."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Walicheka mpaka kizee mmoja akaangusha maandazi, wakapiga mabenchi, na Bwana Ahlgren akawaacha wacheke. Rais Haverkamp alikuwa akihesabu kwa vidole, akafika mwisho wa vidole akaanza upya.

"Mimi sitafika huko," alisema Bronia, si kwa nguvu, na kicheko kikazimika.

"Najua, binti yangu," alisema Bwana Ahlgren. "Basi aanze kulipa leo."

Bwana Penrose alikata rufaa hapo hapo, kisha akaongeza, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba kampuni haiitambui idara yoyote ya upotevu, wala haimjui mtu anayeitwa Stang. Kama ana jino bovu, bila shaka hapigi mswaki. Rais alipita mbele ya Bwana Stang akamtazama kama mtu anavyotazama dirisha, akatoka. Watu walianza kutoka nao. Mkuu wa Idara alibaki amesimama katikati ya ukumbi, kisanduku mkononi, tai mpya shingoni, hajui aende upande gani.

Bronia alisogea kwenye benchi, wasichana wengine wakasogea, pakapatikana nafasi.

"Kaa, Bwana Stang," alisema. "Jino gani?"

"Gego. Chini, kushoto. Tangu Krismasi."

"Langu lilianzia hapo hapo. Usimruhusu mtu aling'oe mpaka umwone daktari wa Chicago. Tutakupa jina lake."

Alikaa. Mikono ikatafuta kazi iliyoizoea. Akatoa fomu tupu mfukoni, akaiweka gotini, akatafuta mstari wa Jina la Mtuhumiwa. Akatoa penseli ya zambarau, akaipeleka mdomoni.

Bronia alimshika kiwiko cha mkono, kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo.

"Usilambe," alisema.

Bwana Stang aliitazama ncha ya penseli, kavu, isiyoandika. Akatazama huku na huku kutafuta kitu cha kuilowanishia, juu ya meza, chini ya benchi, kwenye mifuko yake yote.

"Jamani," alisema, "hakuna mwenye tambaa?"